Tyubu Mbili Ndani ya Mkoba: Kisa cha Mzunguko wa Rabai, Kaloleni na Mavueni

Kisa hiki ni cha waendesha baiskeli watatu wa Mombasa. Walitoka kisiwani alfajiri ya Jumapili moja ya Februari wakikusudia kurudi kabla ya alasiri, na wakafika mmoja jioni kwa matatu, na wawili usiku kwa pikapu. Nimezungumza na wote, kila mmoja peke yake, na nimeitazama baiskeli iliyoharibika kabla haijatengenezwa. Majina yao, mitaa yao na jina la kituo alipo fundi aliyewasaidia nimeyaacha. Nitawaita Kiongozi, Mwalimu na Kijana.

Nakiandika kwa ajili ya wale walioshazoea Nyali na Bamburi na sasa wanataka kwenda mbali. Wengi waliosikia habari hii walisema tatizo lilikuwa gia kuvunjika. Mimi naona siku iliharibika kama saa moja kabla ya hapo, walipokuwa wameketi kivulini wakinywa chai, na mafundi wako ng'ambo ya barabara.

Njia, msimu na vifaa

Mzunguko wenyewe ni wa kama kilomita 130. Unatoka kisiwani kwa daraja la Makupa, unapita Changamwe, Mikindani na Miritini kwa barabara kuu ya Nairobi hadi Mazeras. Hapo unaiacha barabara kuu, unapanda Rabai, unafika Kaloleni, kisha unaelekea mashariki kupitia nchi ya Wachonyi hadi Mavueni, karibu na mkono wa bahari wa Kilifi. Kutoka Mavueni unarudi kusini kwa barabara ya Malindi: njiapanda ya Takaungu, Vipingo, Kikambala, Mtwapa, Shanzu, Bamburi, hadi daraja la Nyali.

Kiongozi aliuchagua upande wa kuanzia kwa makini, na alichagua sawa. Februari ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki na kwa kawaida hupata nguvu mchana. Ukianzia bara, milima ya Rabai unaipanda kukiwa bado na ubaridi, na ile safari ndefu ya pwani unaifanya jioni upepo ukikusukuma mgongoni. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili hivi, mzunguko huohuo unafaa kugeuzwa. Wapo wanaoendesha miaka mingi hapa bila kulifikiria jambo hili, kisha wanalaumu miguu.

Kiongozi ana miaka arobaini na kitu na njia hii anaijua. Baiskeli yake ni ya mlimani, ya zamani, fremu ya chuma, tairi pana za inchi 26. Mwalimu, mama wa miaka ya thelathini, ana baiskeli ya gia yenye tairi za wastani na valvu (mdomo wa tyubu wa kujazia upepo) nene, ile inayokubali pampu ya pikipiki. Kijana, wa miaka ishirini na kitu, ana baiskeli ya mashindano, mtumba kutoka Ulaya: fremu ya alumini, tairi za milimita 25 zinazotaka upepo wa karibu paundi 100, na valvu nyembamba.

Valvu hiyo nyembamba ina uzito mkubwa katika kisa hiki. Tundu lake kwenye ringi lina upana wa kama milimita 6, na la valvu nene ni kama milimita 8. Nje ya mji, tyubu unazozikuta madukani ni za valvu nene, kwa kuwa wanunuzi ni wenye Black Mamba (zile baiskeli nzito za mizigo), baiskeli za milimani na pikipiki. Hata namba 28 inayoandikwa kwenye tairi haisaidii. Tairi la Black Mamba huitwa 28 na la baiskeli ya mashindano huhesabiwa 28 vilevile, lakini ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, na ya pili 622. Tairi la moja halikai kwenye nyingine.

Kijana alibeba tyubu mbili za akiba, viraka na kitube cha solusheni, gundi ya kubandikia viraka. Kiongozi alikuwa na pampu, spana, viraka vya kujibandika visivyohitaji solusheni, na kifaa cha kukatia cheni. Taa walikuwa nazo Kiongozi na Mwalimu. Kijana hakuwa nayo, kwa hiyo walimweka katikati.

Kutoka kisiwani hadi Kaloleni

Waliondoka saa kumi na moja u nusu, baada ya sala ya alfajiri. Malori yalikuwa mengi, kama ilivyo siku zote kwenye barabara inayobeba mizigo ya bandari hadi Uganda na Rwanda, nao walikaa pembeni kabisa, nje ya mstari. Hapo pembeni ndipo panapokusanyika waya za tairi za malori zilizopasuka. Ni chuma chembamba kama unywele: gizani hakionekani, na mchana ni shida kukiona.

Karibu na Mazeras tairi la nyuma la Kijana likalala. Alitoa tyubu, akaweka ya akiba, akajaza upepo, wakaendelea. Hakuna aliyepitisha kidole ndani ya tairi. Walipokuwa wanapanda Rabai tyubu mpya ikatoboka mahali palepale. Safari hii Mwalimu ndiye aliyesema, "Kaka, lazima kuna kitu humo." Waliilaza tyubu kando ya tairi, valvu ikielekea tundu lake, wakalifuata tobo hadi wakaukuta waya umejichomeka, ncha yake ikitokeza ndani kidogo tu. Waliuvuta kwa koleo. Kijana akaweka tyubu ya mwisho.

Chai ya Kaloleni

Walifika saa tatu u nusu, jua limeshapanda. Waliagiza chai na mahamri kwa mbaazi, wakanywa na madafu. Walikaa zaidi ya nusu saa.

Hali yao wakati huo ilikuwa hivi. Kijana hana tyubu ya akiba iliyo nzima, lakini ana mbili mkobani, kila moja na tobo moja dogo, safi, la waya. Kitube chake cha solusheni alipokifungua kilikuwa kimekauka. Viraka vya kujibandika vya Kiongozi havishiki vizuri tyubu nyembamba yenye presha kubwa, hasa kwenye joto, na Kiongozi mwenyewe alilijua hilo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mafundi wa baiskeli na pikipiki, kila mmoja na kopo lake la solusheni.

Kiongozi alikwenda akaulizia tyubu ya valvu nyembamba. Akaambiwa hakuna. Akarudi mezani.

Kisha akauliza, "Haya, kila mtu yuko sawa? Tuendelee?" Kijana akajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Mwalimu naye akaitika. Aliniambia baadaye kwamba kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga tangu Rabai na mahamri hayakumshuka, ila aliona aibu kuwa wa kwanza kusema, tena mwanamke peke yake kati yao. Matatu za kurudi Mombasa zilikuwa zinaita abiria pale pale.

Sababu ya kuendelea, kwa maneno ya Kiongozi, ilikuwa kwamba sehemu ngumu imekwisha: milima imepandwa, na mbele kuna upepo wa nyuma. Kwa miguu alikuwa sahihi.

Diversheni na mkono wa gia

Baada ya Kaloleni walikuta kalvati linatengenezwa na barabara imefungwa. Diversheni iliwaingiza kwenye njia ya udongo kati ya minazi na mashamba, mchanga mahali pengine, mawe mahali pengine. Kiongozi na tairi zake pana alipita bila shida. Kijana alizama kwenye mchanga, akaangukia upande wa kulia, upande wa gia. Aliinuka, akajipangusa, akaona gia bado inaruka kutoka meno hadi meno, akapanda.

Mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni kutoka meno hadi meno, unaning'inia kwenye kipande kidogo cha alumini kilichofungwa kwenye fremu. Kipande hicho kimefanywa laini makusudi, ili kikunjike chenyewe na kuinusuru fremu. Kikikunjwa kwa ndani, gia nyingine zinaweza kuendelea kufanya kazi isipokuwa ile nyepesi kabisa: ukiingia hiyo, mkono unaingia kwenye spoki. Kijana aliingia hiyo kwenye mwinuko wa kutokea diversheni. Mkono ukanaswa, kipande kikavunjika, spoki mbili zikakatika, gurudumu likafunga. Ilikuwa saa tano.

Walichofanya hapo kilifanywa vizuri. Kiongozi aliuondoa mkono wa gia wote, akakata cheni, akaifupisha na kuifunga kwenye meno ya kati mbele na nyuma, ikawa baiskeli ya gia moja. Gurudumu lilikuwa linayumba na kugusa breki, kwa hiyo breki ya nyuma ikafunguliwa. Kazi yote iliwachukua kama saa nzima, juani, maana mnazi hauna kivuli cha kutosha watu watatu. Kisha wakatembea, wakizisukuma baiskeli, hadi kituo kidogo chenye maduka ambako waliambiwa yupo fundi. Walifika saa saba. Maji yalikuwa yamekwisha njiani.

Kwa fundi

Fundi ni mzee aliyezoea Black Mamba, na alikuwa chini ya mwembe na msumeno, koleo na kopo la spoki kuukuu. Spoki zilizokatika zilikuwa za upande wa friwili, yaani meno ya nyuma. Huko spoki ya kawaida haipenyi kwenye habu, kitovu cha gurudumu, mpaka friwili ifunguliwe, na kifaa cha kufungulia aina ile hakuwa nacho. Mzee aliangalia kidogo, akachukua spoki ndefu ya Black Mamba, akaikata upande wa kichwa na kuuacha upande wenye nyuzi. Mwisho uliokatwa aliukunja mara mbili kwa koleo, ukawa ndoano yenye kona mbili. Akaichomeka kwenye tundu la habu bila kufungua kitu, akaikaza kwa nati ya zamani iliyobaki kwenye ringi. Nyuzi zikakubaliana. Akarudia ya pili, akalinyoosha gurudumu kwa jicho. Nimeiona kazi ile na naiheshimu sana. Spoki zile zilikuwa zimekaza kuliko baadhi ya zile za kiwandani.

Alipomaliza alimwambia Kijana, "Hii itakufikisha penye lami na gari, mwanangu. Mbio zako za mjini isahau leo." Kijana akajibu, "Inshallah, mzee," na hakumsikiliza.

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameketi kimya, anatetemeka kwa baridi jua likiwa kali, kisha akatapika. Mwenye duka, mama mmoja, ndiye aliyeelewa haraka. Alimlaza kivulini miguu juu, akalowesha leso akamfunika shingo na kifua, akampepea. Akamkorogea maji ya lita moja kwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akampa kidogokidogo. Baada ya saa moja hivi rangi ilimrudi na alizungumza vizuri.

Kugawanyika

Saa tisa u nusu ikapita matatu ya kwenda Kilifi. Kiongozi alipendekeza wangoje jua lipoe kisha waende wote polepole hadi Mavueni. Mwalimu akakataa: "Kaka, mimi narudi na gari." Baiskeli yake ikafungwa juu, na taa zake zikiwa humohumo. Alikwenda peke yake, akabadilisha gari Mavueni, akafika Mombasa saa kumi na mbili. Abiria mmoja mwanamke alimwona alivyo akakaa naye hadi mwisho wa safari.

Kiongozi na Kijana waliendelea kwa baiskeli. Hadi Mavueni mambo yalikwenda. Kwenye barabara ya Malindi upepo uliwasukuma kama ilivyopangwa, lakini ujenzi wa kupanua barabara uliwatoa kwenye lami mara kwa mara, vumbi na malori, bila ukingo wa kujificha. Cheni ya gia moja kwenye friwili ya gia nyingi ina tabia ya kupanda yenyewe kwenye meno makubwa, na ikipanda inakaza kupita kiasi. Baada ya Vipingo ilipanda mara mbili na wakaishusha kwa mkono. Kikambala ilipanda tena, ikakatika.

Kulikuwa kumekaribia magharibi. Kijana alitaka waiunge. Kiongozi alikataa: giza linaingia, Kijana hana taa, breki ya nyuma haijarudishwa vizuri. Walisimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka machungwa Kongowea, wakapakia baiskeli zote mbili.

Matokeo

Wote walikuwa nyumbani kufikia saa mbili usiku. Mwalimu aliumwa kichwa hadi asubuhi, kisha akapona bila kwenda hospitali. Baiskeli ya Kijana ilihitaji kipande kipya cha kuning'inizia gia, mkono mpya na cheni mpya, na kipande hicho kilichukua muda kupatikana kwa sababu kila aina ya fremu ina chake.

Uchambuzi

Kosa la Mazeras ni dogo na ni la kawaida: kubadilisha tyubu bila kutafuta kilichoitoboa. Liligharimu tyubu moja. Tairi likitobolewa na waya wa lori, kidole pekee hakitoshi, kwa kuwa waya hujificha mpaka tairi likandamizwe na uzito. Njia ya Mwalimu, ya kulinganisha tobo na tairi kuanzia kwenye valvu, ndiyo inayofaa, na inawezekana tu kama umekumbuka kuliweka tairi kwa mpangilio unaoujua.

Kaloleni ndipo ninapotaka msomaji akae. Kiongozi aliulizia tyubu ambayo isingeweza kupatikana, akakosa, akaona jambo limekwisha. Alichohitaji kilikuwa solusheni, na kila fundi pale alikuwa nayo. Tyubu mbili zilizokuwa mkobani zingezibwa wakati chai inapoa: unakwaruza, unapaka, unasubiri solusheni ikauke isishike kidole, unabandika, unakandamiza. Wangeondoka na akiba kamili. Ni kweli kwamba hapakutokea pancha nyingine baada ya hapo, na Kiongozi alinieleza hivyo kwa haki. Ila kwa sababu hawakuwa na akiba, Kijana alikuwa na hofu ya pancha kwenye diversheni. Aliniambia kwamba alikuwa anakwepa kila jiwe, na ni kwa kukwepa jiwe aliingia mchangani na kuanguka. Hata baada ya kuanguka macho yake yalikuwa kwenye tairi, hayakwenda kwenye gia. Angesimama nyuma ya baiskeli na kuutazama mkono wa gia, angeuona umepinda, na angeepuka gia nyepesi siku nzima.

Lile swali, "kila mtu yuko sawa?", likiulizwa mezani mbele ya wote, aliyechoka hawezi kulijibu kwa ukweli. Kiongozi wa safari anapaswa kumfuata kila mmoja kando na kuuliza mambo yanayoonekana: umekunywa chupa ngapi, umekojoa lini, kichwa kinauma, umekula nini. Mwalimu angejibu manne hayo na jibu lingekuwa wazi. Na mahali pa kuuliza ni pale penye gari la kurudi. Baada ya Kaloleni hapakuwa na mahali pengine rahisi hivyo.

Kuhusu madafu: sisi watu wa pwani tunayaamini sana, nami nayapenda, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho hutoa chumvi. Mwalimu alikunywa madafu na maji matupu tangu asubuhi na hakula kitu kikashuka. Kwa siku ya aina hii weka muhogo wa chumvi au karanga za chumvi mkobani, na ule kabla hujahisi haja. Alichofanya mama wa dukani kilikuwa sahihi kwa kila hatua. Angekuta Mwalimu anachanganyikiwa maneno au anapoteza fahamu, hapo si suala la kungoja kivulini tena. Ni kuendelea kumpoza kwa maji huku gari linatafutwa kwenda hospitali, na hospitali ya kaunti iko Kilifi, ng'ambo ya daraja. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo kabla ya kutoka nyumbani.

Jambo moja hushangaza wengi: upepo wa nyuma unapunguza kazi ya miguu na kuongeza joto la mwili, kwa kuwa hewa haikupigi na jasho halikauki. Mpango wa Kiongozi wa kaskazi ulikuwa mzuri, lakini ulifanya alasiri ionekane nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Hapa nakuja kwa uamuzi ambao siukubali hata baada ya kumsikiliza Kiongozi. Mtu aliyetoka kutapika kwa joto hasafirishwi peke yake. Aliyepaswa kupanda naye ile matatu ni Kijana, ambaye fundi alishamwambia baiskeli yake haifiki. Uamuzi huo mmoja ungempa Mwalimu mtu wa kumwangalia, ungeitoa barabarani baiskeli yenye breki moja, na Kiongozi angebaki na baiskeli nzima, taa zake na upepo mgongoni. Kiongozi anasema Kijana alikuwa na hamu ya kumaliza na hakutaka kumvunja moyo. Naielewa huruma hiyo. Mwalimu alipata abiria mwema, na huwezi kupanga safari ukitegemea kuwa atakuwepo.

Kikambala, Kiongozi alipokataa kuunga cheni, aliamua vizuri, na aliamua haraka huku mwenzake akibisha.

Tangu wakati ule Kijana amepanua matundu ya ringi zake kwa tupa ya mviringo, akalainisha kingo zisikate valvu, na sasa anatumia tyubu za valvu nene kwenye tairi za milimita 28. Ringi nyembamba sana haifai kufanyiwa hivyo, kwa hiyo mwonyeshe fundi kwanza. Kipande cha akiba cha kuning'inizia gia, ambacho hakizidi kidole gumba kwa ukubwa, amekifunga kwa utepe chini ya kiti, pamoja na kitube kipya cha solusheni ambacho hajakitoboa.